Nafasi ya Nne

Dada yangu mpendwa,

Salamu nyingi zikufikie hapo ulipo, wewe na cherehani yako, ambayo najua inakusikiliza kuliko sisi wadogo zako. Natumaini magoti yamepoa, na kwamba umeacha kupanda ngazi na majora ya vitambaa begani kama daktari alivyokukataza. Sisi huku hatujambo. Wifi yako anakusalimu sana. Anasema lile gauni ulilomshonea sasa linambana, na ananisisitiza nikuandikie kuwa gauni ndilo lililorudi ndani, si yeye aliyeongezeka. Mimi nami mzima, ukiacha tumbo linalonitangulia kuingia darasani, na kipara ambacho wanafunzi wa mstari wa mbele wanadai wanaona dirisha linang'aa humo. Binti yako naye mzima. Mzima wa mwili, nataka kusema. Hayo mengine ndiyo yaliyonishikisha kalamu.

Barua yako niliipokea Jumapili. Umeniandikia kwamba roho ilikuuma kusikia mtoto amekosa nafasi kwenye karakana, ila ulifarijika ulipoambiwa kuwa aliyempanga wa nne ni mjomba wake mwenyewe, kwa haki, bila kutazama undugu. Umenishukuru. Umesema baba angekuwa hai angesimama akanipa mkono. Dada, barua hiyo nimeisoma mara tatu, na mara ya tatu niliisoma nimesimama, maana kiti kilikuwa kinanichoma. Kwa hiyo nakuomba hizo sifa uziweke mezani kwanza, usizifungie kabatini, mpaka nikusimulie mambo tangu mwanzo.

Kazi yangu unaijua kwa juu juu tu. Mbali na kufundisha jiografia, kwa miaka kumi na minne nimekuwa mshauri wa kazi kwa wanafunzi wa kidato cha tano na cha sita. Ofisi yangu ilikuwa stoo ya mipira, na siku za joto bado inanuka mipira. Ukutani kuna bango nililolichora kwa mkono wangu nilipokuwa na nywele, limeandikwa CHAGUA KAZI YAKO, na kati ya kazi zilizomo ni mpiga taipu na mwendesha mitambo ya simu za upepo. Mezani kuna dodoso langu la maswali ishirini. Je, unapenda kufanya kazi ndani au nje? Je, unapenda watu au vitu? Mwanafunzi anajaza, mimi nahesabu alama, kisha namwambia awe mwalimu, muuguzi au mhasibu. Sijui kwa nini, lakini dodoso halijawahi kutoa jibu la nne. Wanafunzi wananiita Mwalimu Dodoso, wanadhani sijui.

Binti yako alipokuja kuishi kwetu mwaka juzi, ndiye peke yake aliyelipenda lile bango. Saa za mapumziko ananiletea chai ofisini, anaketi juu ya kreti la mipira, ananiuliza hakimu anaamka saa ngapi na msanifu majengo anatumia penseli gani. Nyumbani ananiita mjomba, shuleni mwalimu, na akijisahau ananiita mjomba mbele ya darasa zima, nami najifanya nimekasirika. Alipojaza dodoso nilimwongezea alama mbili ili atoke mwanasheria, kwa sababu mimi na wewe tulishakubaliana kwenye simu kwamba atakuwa mwanasheria. Nakiri hilo kama utangulizi tu, makubwa yanakuja.

Mwanzoni mwa mwaka huu tukaletewa mwalimu mpya wa fizikia. Mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mfupi, mwepesi, hutembea kama mtu aliyeacha kitu jikoni. Wiki ya pili tu akamwomba mama mkuu wa shule ampe Jumatano zote mchana kwa shughuli za nje ya masomo. Sikujali. Niliona atachoka kabla ya mvua. Kumbe dada, yule mtu hachoki! Jumatano moja kawapeleka watoto kwenye kiwanda cha kuchapa, wakarudi na wino mpaka masikioni. Jumatano nyingine kawapeleka kwa wapima hali ya hewa, nyingine kwa waoka mikate. Na hawaendi kutazama, wanafanya kazi saa nzima. Wakirudi, yeye hawaulizi wamependa nini. Anawaambia waandike kilichowaudhi. Eti kila kazi ina karaha zake, na anayejua karaha gani anaweza kuishi nazo huyo ameshajua nusu ya safari. Niliposikia hivyo nilicheka chumba cha walimu, nikasema mimi kwa hesabu hiyo nilizaliwa kuwa mume. Wenzangu walicheka. Yeye naye alicheka, tena kwa moyo, na hilo lilinikera zaidi kuliko kama angenuna.

Nami siku yangu ni Alhamisi. Huwa namwalika rafiki yangu, karani mstaafu wa bima, azungumze juu ya maisha ya karani wa bima. Zamani walikuja wanafunzi arobaini. Mwezi wa tatu nilihesabu sita: wawili wamelala, mmoja yupo kwa adhabu. Jumatano iliyotangulia nilikuwa nimepita dirishani kwa mwalimu wa fizikia nikijifanya natafuta chaki, nikahesabu hamsini na tisa, wengine wamekaa sakafuni. Nilirudi mara ya pili kuhakikisha. Mara ya tatu akanifungulia mlango, akaniletea boksi zima la chaki.

Nikaamua kumjibu kwa silaha yake. Nikachukua watoto kumi na wawili kwenda posta wakafanye kazi. Sikuwa nimempa mtu taarifa, nikiamini uso wangu unatosha. Mhudumu wa dirishani akatuambia tupange foleni kama watu wengine. Tukapanga. Tulipofika dirishani akauliza tunataka stempu ngapi. Nikasema tunataka uzoefu. Akasema uzoefu umekwisha, tujaribu dirisha la pili. Watoto walicheka njia nzima kurudi, na kesho yake nikasikia kuwa waliambiwa na mwalimu wa fizikia waandike kilichowaudhi.

Wifi yako aliliona hilo kabla sijaliona mwenyewe. Akaniuliza kama kweli mimi, mtu mzima mwenye miwani mbili, namwonea wivu mwanamke anayefundisha watoto kuoka mikate. Nikamwambia si wivu, ni tofauti ya mtazamo wa kielimu. Akasema basi huo mtazamo unanikosesha hamu ya kula.

Angekuwa amewachukua hao hamsini na tisa wote akaniachia mmoja, dada, ningenyamaza. Ila mmoja huyo naye alikwenda. Mwezi wa nne aliwapeleka wa kidato cha sita kwenye karakana ya viungo bandia iliyo nyuma ya hospitali, pale wanapotengeneza miguu na mikono ya watu waliokatwa. Jioni hiyo binti yako alirudi na vumbi la plasta, ile chokaa laini ya kufinyangia viungo, kwenye kope. Hakuketi. Alituhadithia akiwa amesimama, huku chai inapoa: kwamba kulikuwa na tarishi aliyerudisha mguu wake kwa kuwa unambana chini ya goti, na fundi akausugua kwa tupa, akaujaribisha, akausugua tena, mara kumi na moja, mpaka yule tarishi akatembea hadi mlangoni na kurudi bila kukunja uso. Kwenye karatasi ya kilichomuudhi aliandika kitu kimoja tu, basi la kurudi shule.

Tangu hapo ile futi yako ya zamani, ile uliyompa yenye namba zilizofutika mwanzoni, ikawa haitoki shingoni mwake. Alitupima sote. Akaniambia mguu wangu wa kushoto ni mfupi kuliko wa kulia kwa unene wa kidole, ndiyo maana viatu vyangu vinalika upande. Miaka hamsini na mbili nimetembea na miguu hii, nikaja kuambiwa hivyo na mtoto niliyembeba. Ilipaswa nifurahi. Alikuwa anatumia mikono yako, dada, na jicho lako la kuona pindo lililopinda toka mlangoni. Lakini kila sentensi ilianza na mwalimu wetu amesema. Mwalimu wetu amesema hivi, mwalimu wetu amesema vile. Nikamuuliza siku moja kama hao walimu wengine tumekuwa wa nani. Akadhani natania. Chai ya ofisini ikakoma siku za Jumatano, halafu Jumanne, halafu nikawa najipikia mwenyewe, na naipika vibaya.

Ndipo barua ikatoka kwa fundi mkuu wa karakana. Likizo hii atachukua wanafunzi wawili kwa wiki sita, na watakaofanya vizuri atawapendekeza chuoni, kule wanakosomea ufundi wenyewe. Chuo hicho hakipokei mtu asiyependekezwa na karakana. Shule ipeleke majina sita yaliyopangwa kwa kufaa kwao, na orodha iwe na sahihi ya mshauri wa kazi. Yaani mimi. Binti yako aliomba siku ileile. Hakuniomba nimpendelee. Aliniambia tu, mlangoni pa ofisi, kwamba hajawahi kutaka kitu namna hii, na kwamba hata akikosa atafurahi kujua nani kapata.

Matokeo unayajua. Aliandikwa wa nne. Wawili wa juu, nahodha wa mdahalo na binti wa mkutubi, wakapata nafasi. Siku mbili baadaye, kwenye kikao cha walimu, mama mkuu alisimama akasema anataka kuitaja orodha hiyo kama mfano. Huyu ni mtu, alisema, ambaye mtoto wa dada yake analala chini ya paa lake, anakula sahani yake, na bado kampanga wa nne. Walimu wakapiga makofi. Mwalimu wa fizikia alivuka chumba kuja kunishika mkono. Akaniambia yeye asingeweza, kwamba angekuwa yeye moyo ungemshinda, na kwamba kanifikiria vibaya na ananiomba radhi. Nikamwambia asijali. Nikala sambusa mbili za kikao.

Sasa sikiliza yaliyofuata, kwa sababu hayo ndiyo yaliyonivunja, si makofi. Binti yako hakulia. Aliikunja futi yako, akairudisha kwenye kopo lake, akafunga kifuniko. Wiki ikapita. Jumanne ya wiki iliyopita akaja ofisini na chai. Akakaa juu ya kreti la mipira. Akaniambia kuwa ameshafikiri, na kwamba kama mimi ninayemjua tangu anatambaa nimeona watatu wanaofaa kuliko yeye, basi wapo watatu wanaofaa kuliko yeye, na pengine alijidanganya kwa sababu ya ile plasta. Akaomba nimpe tena dodoso. Akachukua penseli, akaanza swali la kwanza, kama anapenda kufanya kazi ndani au nje.

Nilikuwa nimepata nilichokuwa nakililia mwaka mzima, dada. Chai ile ilikuwa tamu, nami niliinywa kama dawa ya minyoo.

Kisha Jumapili ikafika barua yako.

Basi nakuambia. Hapakuwa na watatu wanaofaa kuliko yeye. Hapakuwa hata na mmoja. Nilipokaa na zile karatasi sita, nilimwona wa kwanza kabla sijamaliza kuzisoma, na baada yake wengine wakajipanga wenyewe. Nilikuwa nimeshika kalamu niandike hivyo. Halafu nikaenda chumba cha walimu kuchukua karatasi safi, nikakuta mwalimu wa fizikia amebandika ubaoni insha ya binti yako. Ilikuwa na mstari mmoja uliochorewa chini kwa wino mwekundu. Ulisema kwamba kabla ya Jumatano hizi hakuna mtu aliyewahi kumuuliza mikono yake inajua nini. Hakuna mtu. Mimi nilimuuliza maswali ishirini! Miaka miwili ya kreti la mipira na bango na hakimu anaamka saa ngapi, vyote vimekuwa hakuna mtu. Kijiba cha roho kikanishika. Nikarudi ofisini nikaandika nahodha wa mdahalo wa kwanza, binti wa mkutubi wa pili, mwingine wa tatu, na mtoto wako wa nne. Wa tano ingeonekana. Wa nne nilijua itaitwa haki. Nilifikiri hadi hapo, dada, usidhani mkono uliteleza. Nilitaka mwalimu wa fizikia akose yule aliyemjivunia, na sikuona kwamba anayekosa ni mtoto, au niliona nikatazama kando.

Jumatatu nilimweleza mama mkuu. Alinisikiliza mpaka mwisho, akavua miwani, akanyoosha kiganja. Nikadhani ananipa mkono wa kuniaga. Alikuwa anataka ufunguo wa ofisi ya ushauri. Nikampa. Miaka kumi na minne ilikuwa kwenye kipete kimoja na ufunguo wa kabati la nyumbani, na nilihangaika kuutoa mpaka akanisaidia. Mwalimu wa fizikia nilimkuta uani. Aliniuliza tu kama orodha inaweza kurekebishwa, na tukaenda wote karakana, yeye mbele, mimi nyuma nikihema.

Fundi mkuu ni mtu wa maneno machache, nyusi zimejaa vumbi la plasta. Alisema alishangaa alipoiona orodha ile, maana yule mwenye plasta kwenye kope alimwona kuwa fundi tangu siku ya kwanza. Lakini aliiamini, kwa sababu mtu hamshushi mtoto wake bila sababu. Nilitamani sakafu ifunguke. Akaongeza kuwa waliokwisha kuitwa hawatatolewa, hawana kosa. Binti yako angeweza kumpokea awe wa tatu, kazi ipo tele. Tatizo ni kwamba karakana ina meza mbili za kazi za wanafunzi, na asiye na meza hufagia. Meza ya tatu ikifika Jumatatu ijayo asubuhi, na mwanafunzi wa tatu aje nayo. Ikikosekana, asije.

Jioni hiyo nikamwambia binti yako yote, hata habari ya meza, tukiwa tunakula, wifi yako akiwepo. Akauliza kama wale wengine niliwapanga sawasawa. Nikasema ndiyo. Akauliza yeye kwa haki alikuwa wa ngapi. Nikasema wa kwanza. Akauliza tangu lini nilijua hivyo, nikasema tangu siku ya plasta kwenye kope. Akainuka, akaosha sahani yake, ya kwake peke yake, akaenda zake. Tangu alipokuja kwetu hajawahi kuacha sahani yangu. Asubuhi nilimkuta mlangoni, viatu mguuni, futi shingoni, akaniuliza hizo mbao ziko wapi.

Tumekuwa tukiitengeneza kwenye karakana ya useremala ya shule tangu Jumanne, kila siku baada ya masomo. Unajua mimi na nyundo. Kidole gumba changu sasa kina rangi ya biringani. Hanisemeshi ila kwa kazi: shika hapo, sogeza, inua, acha, usiguse. Neno mjomba halisikiki. Juzi mwalimu wa fizikia alipita na randa ya kuazima, akamwonyesha namna ya kulainisha ukingo, wakainama vichwa pamoja, na binti yako akacheka kile kicheko nilichokuwa sijakisikia siku nyingi. Nisikufiche, kijiba kilirudi palepale, hakikubisha hodi. Nilitamani niseme kitu cha kuchekesha ili anigeukie mimi. Badala yake niliendelea kushika mbao.

Leo Jumamosi asubuhi ilibaki miguu. Mitatu alikata yeye. Wa nne nilimwomba nikate mimi, angalau mmoja, akaniangalia, akanipa msumeno. Nimepima mara mbili, nikakata, na nikaukata mfupi kwa unene wa kidole. Meza ikasimama inachechemea kama mimi mwenyewe. Nilingoja anifukuze. Alipiga magoti, akaizungushia futi yako, akachonga kipande cha mti, akakijaribisha, akakisugua kwa tupa, akakijaribisha tena. Sikuhesabu vizuri, ila zilifika mara tisa. Halafu akakigandisha kwa gundi na misumari miwili, akaegemea mezani kwa viwiko vyote, na haikutikisika. Huo ndio mguu wake wa kwanza wa bandia, dada. Akafuta vumbi, akasema, bila kunitazama, kwamba Jumatatu tuondoke saa moja kamili, na kwamba mjomba atashika upande mzito.

Basi hizo sifa ulizoziweka mezani, zirudishe ulikozitoa. Ukiona vyema kunitukana, nitukane kwa barua, mke wangu anapenda kusoma za kwako kwa sauti. Na lile neno la uanasheria tuliache, mimi na wewe, hatukuulizwa. Msalimie shemeji na wote wa chumba cha kushonea. Magoti yako yapumzishe. Ukiwa na kopo jingine la futi, mtumie mwanao, hili la sasa kifuniko hakifungi tena, maana futi haitoki shingoni na kopo halipati nafasi ya kufungwa.

Ni mimi mdogo wako,
aliyekuwa Mwalimu Dodoso,
sasa mshika mbao.